Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Uganda: waacheni wanafunzi wachore maabara zao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, na kwa wakuu wote wa idara za kemia nchini Uganda.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima, na ninaomba mnisome hadi mwisho.

Mimi ni mkufunzi wa kemia ya vitendo katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Sitakitaja, kwa sababu ninayoyaeleza hayako kwetu peke yetu, na kwa sababu wanafunzi wangu wangeweza kutambulika. Kila wiki nasimama na vijana wa mwaka wa kwanza kwenye meza ndefu zenye bureti (mabomba ya kioo yenye alama za kupimia vimiminika), chupa za asidi na vichomeo vya Bunseni. Wote wamo chumbani, wote wamesaini karatasi ya mahudhurio, lakini si wote wanaoifanya kemia. Baadhi yao wanaitazama ikifanywa na wenzao, muhula hadi muhula, kisha wanapewa shahada ileile.

Ombi langu ni moja. Kila chuo kinachofundisha kemia kiwape wanafunzi karatasi na muda wa kuchora maabara yao, nao wajichore humo mahali wanaposimama kweli. Kisha michoro hiyo ifike mezani kwenu, ninyi mnaoamua bajeti, ratiba na majengo. Siombi maonyesho ya kupamba ukumbi siku ya mahafali. Naomba muitazame michoro kama mnavyotazama hesabu za mwaka.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Katikati ya muhula, wanafunzi wakiwa wameshaizoea maabara, tunawapa karatasi na penseli za rangi. Anayependa kukata picha za magazeti na kuzibandika, abandike. Anayependa kufinyanga udongo, afinyange. Kijana mmoja alikuja na kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, akashona mchoro wake juu yake kwa uzi mweusi. Hakuna maksi wala jina. Chini ya mchoro kila mmoja anaandika sentensi mbili tatu za kueleza alichochora, kwa lugha yoyote anayoiweza. Michoro inatundikwa ukutani, tunapita tukiitazama kimya, halafu tunazungumza.

Niwaeleze tuliyoyaona.

Binti mmoja alichora migongo saba. Makoti meupe saba yamejipanga, na juu ya bega moja inachungulia ncha ya bureti. Yeye mwenyewe yuko pembeni kabisa mwa karatasi, ana daftari. Aliandika kwamba tangu muhula uanze yeye ndiye anayeandika namba, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, na hajawahi kuufungua mfereji wa bureti kwa mkono wake. Ripoti zake za maabara zilikuwa miongoni mwa zile safi kuliko zote. Kwenye kitabu chetu cha maksi alikuwa mwanafunzi hodari wa vitendo, na vitendo vyenyewe hakuwa amevigusa.

Nilipouona mchoro ule nilikumbuka utafiti wa maabara za fizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020. Watafiti walikaa wakaangalia nani anashika nini. Pale ambapo makundi yaliachwa yajigawie kazi yenyewe, wanaume walielekea kushika vifaa, na wanawake wakaelekea kushika kompyuta na kuandika. Hakuna aliyewaamuru. Kule wana vifaa vya kutosha na vikundi vidogo, na bado mambo yalikuwa hivyo. Sasa fikirini kwetu, ambako wanafunzi wanane wanazunguka bureti moja.

Tangu mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba kujiunga, na hatua ile iliwafungulia mlango maelfu ya mabinti. Naiheshimu na ninaitetea. Lakini pointi ile inaishia getini. Haimfuati binti hadi kwenye meza ya maabara kumwambia kijana aliyeng'ang'ania bureti asogee. Anayeweza kufanya hivyo ni mimi na wenzangu. Baada ya mchoro ule, katika madarasa yangu kazi inazunguka: wiki hii unaandika, wiki ijayo unapima, wiki ya tatu unatitresha, yaani unadondosha kimiminika cha bureti hadi mmenyuko ukamilike. Haikugharimu hata shilingi moja.

Mchoro mwingine ulikuwa wa bureti peke yake. Bomba jeupe, refu, lisilo na alama hata moja. Mchoraji ana ualbino na macho yake hayaoni mbali. Waheshimiwa, bureti ya kawaida ya sentimita za ujazo 50 ina mistari kila sehemu ya kumi ya sentimita moja ya ujazo, na tunamtaka mwanafunzi akadirie hata nusu ya nafasi iliyo kati ya mistari miwili. Anatakiwa asome mahali pindo la chini la kimiminika linapogusa mstari, huku nuru ya dirishani ikimpiga usoni, na nuru kali ndiyo adui mkubwa wa macho ya mtu mwenye ualbino. Tulikuwa tumempanga meza ya dirishani. Tulimhamishia upande wenye kivuli, tukaweka kadi nusu nyeusi nusu nyeupe nyuma ya bureti, tukampa lenzi ya kukuzia, na wakati mwingine anapiga picha kwa simu yake na kuikuza. Anasoma vizuri sasa. Jambo linaloniumiza ni kwamba alikuwa amekwisha kujaza fomu ya tathmini ya kozi, ile yenye visanduku vitano, na kwenye swali la vifaa vya maabara aliweka alama kwenye "nakubali". Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba vifaa vilikuwepo kweli, na swali liliuliza hivyo.

Hapo ndipo fomu zetu zinapofika mwisho. Zinauliza tunachofikiri sisi ni tatizo, na mwanafunzi anajibu kwa adabu. Mtu aliyepewa karatasi tupu hana swali la kujibu kwa adabu. Lazima aamue aanzie wapi, nani awe mkubwa na nani awe mdogo, yeye akae wapi. Maamuzi hayo ndiyo habari tunayoihitaji.

Kijana wa tatu alipaka rangi flaski mbili, moja akaiandikia "kabla", nyingine "baada". Zote mbili kahawia ileile. Tulidhani amekosa penseli za rangi nyingine. Kumbe ndivyo anavyoona. Kiashiria ni kitu kinachobadilika rangi kuonyesha mmenyuko umekamilika; cha methili oranji huwa chekundu kwenye asidi na njano kwenye alkali, na mtu mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani anaweza asiuone mpaka huo hata kidogo. Upofu huu hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume, na wengi hufika utu uzima bila kujua kuwa wanao. Yeye alijua ana maksi mbovu za titresheni, basi. Alikwisha kuamini kwamba ni mzembe wa mikono. Wapo wa aina yake katika kila chuo chenu. Kinachohitajika ni kumruhusu atumie mita ya pH, au kwa majaribio yanayofaa abadilishiwe kiashiria, kwa mfano thimolfthalini, ambayo hutoka kwenye hali isiyo na rangi ikawa buluu. Kemia haipungui kitu. Ujuzi tunaoupima ni wa kutambua kikomo cha mmenyuko, na haupaswi kutegemea mtu alipewa na Mungu macho ya namna gani.

Sasa mchoro ulionifundisha kusoma michoro. Ulionyesha mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa kupita kiasi, mikubwa kuliko kichwa, imefichwa mfukoni. Mbele yake meza imejaa vioo. Sisi wakufunzi tulisimama pale tukaafikiana haraka: huyu anaogopa asidi. Tukaanza hata kupanga somo la usalama. Kisha tukasoma sentensi zake. Aliandika kwamba shuleni kwao hapakuwa na maabara, kwamba pipeti aliigusa kwa mara ya kwanza siku za karibu na mtihani wa kidato cha sita, na kwamba hapa chuoni ukivunja kifaa unalipa. Mama yake anauza mihogo sokoni. Aliogopa bili.

Waheshimiwa, hili la kulipia vioo vilivyovunjika naomba mlitazame kwa jicho la pekee, kwa kuwa linafanya kazi kimyakimya. Lengo lake ni jema: wanafunzi wawe waangalifu. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwenye uwezo anashika flaski bila wasiwasi, anavunja moja, analipa, anajifunza. Mtoto wa maskini anaficha mikono. Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, limekuwa likirudia katika taarifa zake kwamba shule nyingi zinafundisha sayansi kwa nadharia tupu na watahiniwa wanayumba kwenye karatasi ya vitendo. Vijana hao ndio tunaowapokea. Anayehitaji zaidi kushika vioo ndiye tuliyemwekea sababu ya kutovishika. Mwaka wa kwanza wote ungepaswa kuwa huru na malipo hayo, na gharama iingizwe kwenye bajeti ya idara kama tunavyoingiza gesi na maji yaliyosafishwa. Katika majaribio mengi ya mwaka wa kwanza tungeweza pia kutumia vifaa vidogo vya plastiki na matone machache ya vitendanishi, yaani kemikali za majaribio. Njia hiyo imeendelezwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na UNESCO ikasaidia kuieneza katika nchi nyingi. Plastiki haivunjiki ovyo, kila mwanafunzi anapata seti yake, na taka za sumu zinapungua.

Kuna mchoro wenye viputo vya maneno juu ya kila kichwa, vyote vimejaa maandishi, isipokuwa kimoja kitupu. Mwenye kiputo kitupu ni kijana wa Kikongo aliyekulia katika makazi ya wakimbizi upande wa magharibi. Alisoma sehemu ya kwanza ya masomo yake kwa Kifaransa. Nyumbani na kambini anazungumza Kiswahili. Kemia anaijua, na akiieleza kwa Kiswahili utamsikia akitaja kila hatua ya jaribio bila kukosea. Lakini maelekezo ya maabara yanasomwa mara moja kwa Kiingereza cha kasi, na kikundi chake kinazungumza Luganda. Nchi hii imewapokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na ni jambo la kujivunia. Basi tusimpokee mtu mpakani tukamwacha nje ya mazungumzo ya meza ya maabara. Maelekezo yangeweza kuandikwa mapema na kuambatanishwa na picha za kila hatua, na wanafunzi wakaambiwa wazi kwamba ndani ya kikundi wanaweza kuelezana kwa lugha yoyote inayowafikia wote. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Mahali pazuri pa kuanza kukitumia ni palipo na asidi, ambapo kutoelewana kunaunguza.

Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu alichora ukingo wa meza tu. Mstari mnene mweusi unaokata karatasi katikati, na juu yake vikaonekana vichwa vya flaski. Meza nyingi za maabara zina kimo cha sentimita 90 au zaidi kwa kuwa zimetengenezwa kwa mtu anayesimama. Anayefanya titresheni kwenye kimo hicho akiwa ameketi ana asidi usawa wa macho yake. Hilo ni suala la usalama kabla halijawa suala la haki. Na haki yenyewe imeandikwa: ibara ya 35 ya Katiba inazungumzia utu wa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kuwabagua katika elimu. Serikali imejenga majengo mapya ya sayansi katika vyuo vya umma kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mengine yatajengwa. Kabla ramani ya maabara ijayo haijatiwa saini, mchoro wa namna hii uwekwe kando ya ramani ya msanifu majengo. Meza moja yenye kimo cha kurekebishwa na nafasi ya magoti chini yake ni gharama ndogo sana jengo likiwa bado kwenye karatasi.

Mengine nitayagusa tu. Michoro ya saa za ukutani ilikuwa mingi, yenye dirisha la giza: mabinti wanaoogopa safari ya kurudi chumbani baada ya zamu ya jioni, na nauli ya bodaboda inayopanda usiku ukiingia. Wapo waliochora msikiti wakiwa na flaski mkononi Ijumaa mchana. Suala la ratiba na ibada linajulikana nchini. Wanafunzi Wasabato walilipeleka mahakamani dhidi ya Makerere, wakashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003 na tena katika Mahakama ya Juu mwaka 2006. Sheria imesema lake. Ila kile ambacho chuo hakilazimishwi na mahakama bado kinaweza kukifanya kwa hiari, na zamu mbili za jaribio moja katika wiki si jambo kubwa. Mashoto walichora bureti zimefungwa upande usiowafaa. Binti mwenye hijabu alichora kichomeo na ncha ya kitambaa chake. Tulimpa pini na koti lenye ukosi wa juu, tukaendelea na kazi.

Najua kuna watakaosema: vitendanishi hakuna, mizani ni mbovu, na huyu anatuomba penseli za rangi. Nimeyasikia hayo, na nayaelewa, kwa sababu siku ambazo hakuna maji kwenye mabomba mimi ndiye ninayebeba ndoo. Lakini kununua vifaa bila kujua nani anavigusa ni sawa na kupika sufuria kubwa bila kuangalia sahani zimefika kwa nani. Mambo mengi niliyoyataja hapo juu yalirekebishwa kwa kuhamisha meza, kuzungusha kazi, kubadilisha kiashiria. Na pale panapohitaji fedha, mchoro unawaambia fedha hizo ziende wapi kwanza.

Kuchora kama njia ya kujua watu wanaionaje sayansi si jambo geni. Mwaka 1983 David Wade Chambers alichapisha utafiti wake ambao watoto 4,807 waliombwa wamchore mwanasayansi. Waliomchora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote walikuwa wasichana. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya miongo mitano ya tafiti za aina hiyo Marekani ulionyesha kwamba katika miongo ya karibuni waliomchora mwanamke walifika wastani wa asilimia 28. Ule ni mchoro wa kilicho kichwani. Mimi naomba hatua moja zaidi, mchoro wa kilicho mbele ya macho, chumba hiki, saa hii, na wewe ndani yake. Huko Yunnan, China, miaka ya 1990, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa wanawake wa vijijini kamera wapige picha za maisha yao wenyewe, na sehemu ya mpango tangu mwanzo ilikuwa kuwafikishia picha hizo watunga sera. Bila mtu mwenye mamlaka upande wa pili wa picha, kazi ile ingebaki albamu. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi, sikuwaandikia wakufunzi wenzangu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalonifanya niombe kwa nguvu. Nchi yetu imewagombanisha wa sayansi na wa sanaa. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada ilipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wenzao wa sanaa wakaachwa, na walimu wakagoma. Sina kinyongo na mishahara ya sayansi. Lakini watoto wamesikia somo, kwamba mwenye kuchora ana thamani ndogo kuliko mwenye kupima. Nimewaona wanafunzi wa kemia wanaochora vizuri mno wakificha michoro yao kama kitu cha aibu. Na wakati huohuo vyuo vyetu vina hazina ya sanaa ambayo vyuo vingi barani havina. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na shule iliyotokana na kazi yake bado iko kwenye kilima kilekile kilipo kitivo cha sayansi. Chuo Kikuu cha Kyambogo kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu. Yaani watu wa maabara, watu wa sanaa na watu wanaojua ulemavu wote wana geti moja. Waleteni wakae meza moja. Mwanafunzi wa sanaa anaweza kumwelekeza mwanafunzi wa kemia namna ya kuonyesha umbali na ukubwa, na wa kemia akamweleza wa sanaa kwa nini rangi fulani inafifia juani. Wote watatoka na kitu.

Kuna tahadhari, na nisiposema nitakuwa nimewapa zana bila mpini. Michoro isipewe maksi kamwe; siku mtakapoipa maksi mtaanza kupokea maabara nzuri zenye nyuso zinazocheka. Darasa lenye mwanafunzi mmoja wa kiti cha magurudumu haliwezi kumficha kwa kufuta jina lake, kwa hiyo mchoro wa namna hiyo usitoke nje ya chumba bila idhini yake mwenyewe, na akisema hapana iwe hapana bila kuulizwa sababu. Mchoro ni mali ya aliyeuchora. Usiusome peke yako ukaamua maana yake. Mikono ile mikubwa ilitufundisha. Mtu mdogo kwenye kona pengine ana huzuni, pengine aliishiwa nafasi kwenye karatasi, na anayejua ni yeye. Na asiadhibiwe mtu kwa sababu ya mchoro, hasa mafundi wa maabara. Tena nao wapewe karatasi. Fundi wetu alichora kabati la kufyonzea mvuke likiwa na utando wa buibui kwenye feni, na yeye akiwa amefunga leso puani. Anavuta hewa ile siku nzima wakati mwanafunzi anaivuta saa tatu kwa wiki. Wahudumu wanaoosha vioo wapewe pia.

Sasa niseme ninachokiomba kwa kila mmoja wenu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, mnapokuja kukagua programu za kemia kabla ya kuziidhinisha, orodha ya vifaa mnaiomba na mnaihesabu. Ombeni pia michoro ya wanafunzi, na muulize idara imebadilisha nini baada ya kuiona. Swali hilo la pili ndilo lenye uzito. Makamu Wakuu wa Vyuo, pangeni siku moja katika muhula ambayo ninyi wenyewe, mhasibu mkuu na msimamizi wa majengo mnapita mbele ya michoro hiyo, mchoraji aliye tayari akiwa kando yake, na muondoke na jambo angalau moja la kutekeleza kabla muhula haujaisha. Wakuu wa idara, futeni malipo ya vioo kwa mwaka wa kwanza na muandike katika mwongozo wa maabara kwamba kazi katika kikundi zinazunguka. Mheshimiwa Waziri, ramani za maabara mpya za umma zisipitishwe kabla wanafunzi wenye ulemavu hawajaziona na kuzichora upya kwa mkono wao.

Watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari ya chini walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024. Ratiba ikienda kama ilivyo, watafika vyuoni mwaka 2027. Ni vijana waliozoea kufanya miradi, kuuliza na kuonyesha kazi zao. Watatukuta na bureti moja ya watu wanane na fomu ya visanduku vitano tusipojitayarisha mapema.

Ratiba na bajeti za mwaka ujao wa masomo zinapangwa miezi hii. Michoro ambayo wenyewe wameruhusu ionekane imehifadhiwa kwenye bahasha kubwa katika ofisi yetu, na wanafunzi kadhaa wamesema wako tayari kusafiri nayo hadi Kampala au popote mtakapotuita, na kuieleza kwa vinywa vyao. Tupeni tarehe.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa kemia ya vitendo, Uganda